Chai Inayofika Mtoni

Kipkelion,
12 Mei 1997

Mwalimu wangu mpendwa, Madam Dolphine,

Pokea salamu kutoka huku kilimani. Ni mimi Chepchirchir, binti ya Kipkosgei jirani yenu, yule uliyempa jina la Mwandiko kwa sababu hesabu ilimshinda, historia ilimchanganya, lakini herufi zake zilisimama wima. Kwa miaka mitano nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo nimepata sababu, na mtu mwoga akipata sababu huishika kwa mikono miwili.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa historia katika shule ileile uliyonifundishia. Nimepewa hata darasa lako, lile ambalo dirisha lake linatazama shamba lenu. Wanafunzi wamesikia redioni kwamba tarehe mosi Julai Mwingereza atairudisha Hong Kong kwa Mchina, nao wananiuliza aliichukua lini na kwa nini anairudisha. Mambo hayo hayamo katika silabasi. Lakini nakumbuka mwaka 1989 ulifunga vitabu vyote ukatufundisha Mkataba wa Nanking, ukasema kwamba mtoto aliyesomeshwa na chai lazima ajue chai ilipiganiwa wapi. Daftari langu la wakati ule lilipotea. Naomba maandishi yako, kama bado unayo.

Mwambie baba yako, Mzee Okello, kwamba ng'ombe wake Sukari ni mzima. Ile asubuhi mliyoyakimbia mapigano alimwachia Baba kamba tu, hakusema maneno mengi, na Baba akampokea kama kimanagan. Unajua desturi yetu. Ng'ombe anakaa kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na vyote anavyozaa ni vya mwenyewe mpaka dunia iishe. Amezaa mara nne. Ndama mmoja alikufa, na ngozi yake iko darini kwa Baba, imetunzwa ili Mzee aje aione kwa macho yake.

Chai yenu, samahani, imekuwa msitu. Tumbili wamehamia huko. Hakuna mtu aliyeigusa.

Jambo la mwisho ni jema. Tuna kamati ya amani, nami ni karani wake, na sababu unaijua: mwandiko. Jumamosi tarehe 28 Juni patakuwa na kutia sahihi mkataba wa amani hapa shuleni, na wazee wanataka Mzee Okello awe wa kwanza kwa upande wa walioondoka, kwa kuwa ndiye mgeni wa kwanza kununua shamba hapa, mwaka wa sabini na nne. Watu wamechoka kuogopana, Madam.

Unisamehe herufi zangu leo hazijanyooka. Vidole ni vyeusi kwa utomvu wa chai. Jumamosi mimi na Mama tulichuma tangu asubuhi, tukateremka na mistari mpaka mtoni, na mgongo bado unanidai.

Mwanafunzi wako,
Chepchirchir


Ahero,
24 Mei 1997

Chepchirchir,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa furaha, na sijui ni ipi uliyostahili. Tuko hai. Nafundisha shule ya msingi hapa Ahero, watoto themanini darasani. Baba amezeeka ghafla. Miaka ishirini na minane kwenye mashine za kukaushia chai kiwandani ilimwachia vumbi kifuani, na usiku anakohoa mpaka majirani wanatuonea huruma. Habari ya Sukari ilimfanya acheke. Alisema, "Kipkosgei ni mtu wa ng'ombe. Kwa ng'ombe hawezi kudanganya."

Maandishi yangu yaliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo nakuandikia ninayoyakumbuka.

Waingereza walipenda chai kupita kiasi, na wakati ule chai ilitoka China. Mchina alitaka alipwe kwa madini ya fedha tupu. Fedha ilipowaishia, Waingereza walimletea kasumba kutoka India, ile dawa inayomlaza mtu na kumla polepole. Serikali ya China ilipoikamata na kuiharibu, meli za vita zilikuja. Mwaka 1842 zilipanda mto mpaka Nanking, mizinga ikaelekezwa mjini, na mkataba ukatiwa sahihi ndani ya meli ya Mwingereza. Fikiria hilo kwanza: amani iliandikwa kwenye sitaha ya aliyeshika bunduki.

Kifungu cha kwanza kilisema kutakuwa na amani na urafiki. Hakuna wa kukipinga. Vilivyofuata ndivyo vilivyobeba mzigo. Bandari tano zifunguliwe. Fedha zilipwe, hata kwa ile kasumba iliyoharibiwa. Kisiwa cha Hong Kong kitolewe milele. Kuhusu kasumba yenyewe, kama ikome au iendelee, mkataba haukusema, na biashara ikaendelea. Baada ya vita vingine wakachukua rasi iliyo mkabala na kisiwa, hiyo nayo milele. Mwaka 1898 wakachukua ardhi kubwa zaidi nyuma yake, lakini hiyo waliazimwa tu, kwa miaka tisini na tisa. Hesabu miaka hiyo utafika mwezi wa saba mwaka huu. Kwa njia hiyo, bila kulitawala taifa zima, walishika milango yake.

Waambie wanafunzi wako nilichowaambia ninyi: ukipewa mkataba wa amani, tafuta kifungu ambacho hakihusu amani. Hicho ndicho kilichowaleta watu mezani.

Sasa nami nauliza. Huo wenu unasemaje? Unajua hati ya shamba letu ilibaki kwa jina la baba yako. Alipomuuzia Baba walipatana kwa mkono mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wamekufa. Karatasi ya mauziano iliungua. Baba hana shamba lingine. Hapa tumepanga chumba, na kwao Nyakach ndugu zake waligawana zamani, wakijua yeye ana lake huko kwenu. Nitumie vifungu vyote.

Dolphine Ajwang


Kipkelion,
3 Juni 1997

Madam wangu,

Asante sana. Somo lilikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Kijana mmoja anayeitwa Kipchoge, wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida husinzia, aliinua mkono akauliza kama watu waliokuwa wakiishi kwenye kile kisiwa waliitwa wakati wa kutia sahihi. Nikasema hapana. Akauliza tena walijuaje basi kwamba wametolewa. Ningekuwa na wewe karibu ningekukonyeza unisaidie.

Kuhusu mkataba wetu usiwe na wasiwasi. Ni maneno ya kawaida tu: tuishi kwa amani, tusameheane, tusitukanane sokoni, watoto wasome pamoja, wazee watatue ugomvi kabla ya polisi. Ni mrefu na umejaa mihuri, kuunakili wote kutanimalizia wino. Mzee atasomewa siku hiyohiyo.

Baba anamsalimu sana. Ameanza kumpiga Sukari brashi kana kwamba anampeleka maonyesho ya kilimo.

Wako,
Chepchirchir


Ahero,
11 Juni 1997

Chepchirchir,

Baba haoni vizuri, kwa hiyo barua zako zote mbili nilimsomea. Jana aliomba nimsomee tena ile ya kwanza, mahali pale pa mgongo unaouma. Nikasoma: "tukateremka na mistari mpaka mtoni." Akanisimamisha. Akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Alisema chai ya Kipkosgei haijawahi kufika mtoni. Inaishia kwenye mikaratusi. Kutoka pale mpaka majini ni mistari yake, aliyoipanda yeye na Mama kwa mikono yao mwaka wa sabini na tano, miche wakiibeba kichwani.

Kwa hiyo chai yetu si msitu. Inachumwa, na wewe mwenyewe unaichuma, kisha unaniandikia habari za tumbili. Njia ya mwongo ni fupi, Mwandiko. Yako imeishia mtoni.

Ningekuelewa kama ungenyamaza. Wengi walinyamaza mwaka ule wa mapigano, na wengine walinyamaza kwa sababu walikuwa wakituficha stoo, baba yako akiwa mmoja wao. Sijasahau kwamba tulilala kwenye magunia yake siku mbili. Hilo ndilo linaloniuma. Adui asingenisumbua akili hivi.

Na ule mkataba ulioogopa kuunakili, sasa najua una kifungu. Ama unitumie wote, neno kwa neno, ama usiniandikie tena.

Baba anasema atakuja kutia sahihi vyovyote iwavyo. Nimegombana naye mpaka sauti imekauka. Asipokuja ataitwa adui wa amani. Akija atapoteza shamba. Yeye anataka kuiona chai.

Dolphine Ajwang


Kipkelion,
16 Juni 1997

Madam,

Nakubali yote. Mficha uchi hazai, nami nimejificha miaka mitano.

Baba alianza kuchuma chai yenu mwezi wa nane mwaka wa tisini na mbili. Mwanzoni alisema ni kuizuia isiwe miti, na kweli chai isipochumwa inapanda juu kama msitu. Majani aliyapeleka kituoni kwa namba yake ya mkulima. Mwaka uleule nikaitwa chuo cha ualimu. Hakuna aliyeniambia karo imetoka wapi, nami sikuuliza kwa sababu nilijua. Kila somo ninalofundisha limelipwa na mistari ya mama yako. Sasa nimeliandika.

Hiki hapa kifungu cha tano, kama nilivyokiandika mwenyewe:

"Mashamba yote yaliyoachwa tangu mwaka 1992, ambayo hati zake ziko kwa majina ya wenyeji, yatabaki mali ya wenyeji milele, na walioondoka hawatayadai wala kwenda mahakamani."

Nilipoambiwa niandike lile neno "milele" nilikuwa bado sijapata barua yako ya Nanking. Niliandika vizuri sana, Madam. Mwenyekiti alilisifu.

Jana nilimkabili Baba akiwa anakamua. Nikamwambia chai ya Okello ni kimanagan kama Sukari: yeye amekunywa maziwa tu, ng'ombe si wake. Alisema ng'ombe ana damu, anazaa, anaweza kukulaani, lakini udongo hauzai ndama. Nikamuuliza majani yanayorudi kila baada ya wiki mbili ni nini kama si maziwa. Akainuka na ndoo ikiwa nusu. Tangu hapo hatujasemezana. Ndugu zangu wawili wameshagawana shamba lenu kwa maneno, mmoja juu na mmoja chini, na wote wanangoja tarehe 28.

Tafadhali mzuie Mzee. Akitia sahihi hakuna mahakama itakayomsikiliza.

Chepchirchir


Ahero,
23 Juni 1997

Chepchirchir,

Nilimsomea kifungu hicho mara tatu. Aliniuliza neno moja tu, kama ni kweli uliandika "milele" kwa mkono wako. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na asome kwa mdomo wake, nisikie."

Amefua koti lake la kiwandani. Amenikataza kuja naye, anasema wanaweza kumheshimu mzee mmoja kuliko mzee mwenye binti mkali. Mtunze. Sikuombi hivyo kwa sababu nimekusamehe. Nakuomba kwa sababu huko sina mtu mwingine.

Dolphine


Ahero,
30 Juni 1997

Chepchirchir,

Baba alirudi jana jioni. Amekuja na ngozi ya ndama chini ya kwapa. Ameitandika kwenye kiti chake na kuikalia. Nimemuuliza kama alitia sahihi, akasema alitia. Nimemuuliza kama tumepoteza shamba, akasema, "Muulize karani."

Nakuuliza.

Dolphine


Kipkelion,
4 Julai 1997

Madam Dolphine,

Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Watu walikuwa wengi, darasa lako likajaa na wengine wakasimama nje dirishani. Ndugu zangu walikuwa mlangoni na vijana wenzao, hawakushika kitu, lakini walisimama vile wanavyosimama. Mzee aliketi mbele na koti lake. Mwenyekiti akaniambia nisome kifungu cha kwanza na cha mwisho, vya katikati vinajulikana. Nilisoma cha kwanza. Halafu nikasoma cha pili, cha tatu, cha nne. Mwenyekiti akakohoa. Nikasoma cha tano polepole, na nilipofika kwenye lile neno nilimtazama Mzee Okello, kwa kuwa alitaka kulisikia. Mama mmoja nyuma akauliza, "Hiyo nani ameweka?"

Mzee akasimama. Hakugusa habari ya shamba. Alimgeukia Baba akamuuliza kwa Kikipsigis, tena Kikipsigis safi, Sukari amezaa mara ngapi. Baba akasimama pia, akahesabu mbele ya watu wote: majike wawili wako zizini, dume mmoja amekua, mmoja alikufa na ngozi iko. Akatuma ngozi iletwe. Mzee aliipokea kwa mikono miwili akamshukuru. Watu walifurahi, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ndipo Mzee akauliza, "Na chai yangu, Kipkosgei? Hiyo imezaa ngapi?"

Baba alifungua mdomo. Akaketi.

Mzee alikuja mezani kwangu akaomba kalamu. Nilimnong'oneza asitie. Akasema, "Mwanangu, nisipotia, wale walio mlangoni watasema mimi ndiye nimeleta vita." Akatia sahihi. Lakini hakurudisha kalamu. Chini ya jina lake akaandika kwa herufi kubwa, akichukua muda: CHAI YANGU MPAKA MTONI NIMEMWACHIA KIPKOSGEI, KIMANAGAN. Kisha akanipa nisome kwa sauti. Nikasoma.

Mwenyekiti alisema maneno hayo si sehemu ya mkataba. Pengine kwa sheria ni kweli. Aliniagiza niandike nakala safi ya kupeleka ofisini, bila nyongeza. Nimeiandika nakala, na nyongeza nimeiandika pia, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Wamenitoa ukarani. Sikulia.

Jumatatu jioni tulisikiliza redio mimi na Mama, wakieleza jinsi bendera ya Mwingereza inavyoshushwa Hong Kong. Baba alikuwa kizingitini. Ndiyo mara yake ya kwanza kunisemesha tangu siku ile ya ndoo. Aliuliza kama wamerudisha na nyumba walizozijenga. Nikasema zote. Akauliza, "Hata kile kisiwa walichopewa milele?" Nikasema hata hicho, kwa sababu ile sehemu ya kuazimwa ilipofika siku ya kurudi, sehemu ya milele haikuweza kuishi peke yake. Akasimama pale mpaka taarifa ikaisha, kisha akaenda kulala bila chakula.

Chepchirchir


Kipkelion,
26 Julai 1997

Kwa Jackton Okello, kwa mkono wa binti yako.

Ni mimi Kipkosgei nasema, Chepchirchir anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, asitengeneze.

Okello, umenifanyia kitu kibaya. Ungekwenda kortini ningekushinda, kwa sababu hati ni yangu. Ungenitukana ningekutukana pia. Lakini wewe umeandika ile neno yetu, na watu wote wamesikia. Sasa nikipita wazee wananiuliza, ng'ombe ya Okello iko namna gani? Wanamaanisha chai. Mke wangu pia ananiuliza.

Nilisema udongo haina damu. Hiyo nilisema kwa hasira. Ile siku ya pili baada ya mkutano nilichukua kikapu nikashuka mpaka kwa mikaratusi. Nikaona mistari yako. Mkono ilikataa. Nimechuma hiyo chai miaka mitano na mkono haijawahi kukataa.

Lakini sikia pia upande yangu. Siwezi kukurudishia. Vijana wangu wawili wamesema mtu wa nje akiweka mguu hapo watachoma, na mwaka huu ni wa uchaguzi, unajua vile inakuwa. Mimi ni baba yao na siwezi kuwafunga kamba. Hao pia nimewakataza wasichume. Kwa hiyo hakuna mtu anachuma. Siyo mimi, siyo wao. Mwenye kimanagan hawezi kuuza, hawezi kuchinja. Hata kukamua, mwenyewe akishauliza mbele ya watu, inakuwa aibu.

Usikuje sasa. Ngoja uchaguzi ipite. Kama nitakuwa hai nitasimama kwa mikaratusi, na wewe utapita.

Sukari amepandwa tena. Atazaa mwaka ujao.

Kipkosgei

Madam, haya sasa ni yangu, Baba ameshatoka. Mwezi wa tano nilikuandikia uongo kwamba chai yenu imekuwa msitu. Jana nilikuwa nafundisha nikatazama dirishani. Pale chini, kutoka kwenye mikaratusi mpaka mtoni, machipukizi yamepita kiuno cha mtu. Kipchoge aliniona akaniuliza ninatazama nini. Nikamwambia ni barua yangu.

Ch.